Fundi Aliyesikiliza Breki

Uani kwetu mafundi tulikuwa wengi. Kulikuwa na fundi rangi, fundi matairi, fundi umeme, na mimi fundi wa viti, mwanamke peke yangu, na cherehani changu chini ya bati. Lakini mtu akiingia getini akauliza, "Fundi yupo?" bila kuongeza neno, sote tulinyoosha mkono upande mmoja. Alikuwa anaulizwa mzee wa breki. Jina lake nalijua, na la baba yake nalijua, maana hapa Gongoni, mjini Tabora, watu wanajuana hadi mbuzi wao, ila silisemi. Akisikia nimemtangaza kwa jina atakuja kudai heshima yake, na mimi sina pumzi ya kubishana naye asubuhi na jioni. Na hajafa, msinielewe vibaya. Yuko nyumbani kwake anagombana na redio.

Nimekaa naye uani miaka mingi kuliko niliyokaa na marehemu mume wangu, na niseme ukweli, nimegombana naye mara nyingi zaidi. Asubuhi nilikuwa natoka kwetu Ntalikwa, nafika vumbi miguuni, namwamkia shikamoo. Akiwa amefurahi ananiitikia marahaba vizuri na kuniuliza hali ya mahindi. Nikichelewa haitikii. Ananitazama kutoka juu hadi chini, halafu ananiambia, "Mwangaluka, Mama Viti," Kinyamwezi cha watani, kwa sauti ya mtu anayemsalimia mgeni aliyepotea njia. Hapo ujue siku hiyo utakula matusi ya heshima mpaka adhuhuri.

Alikuwa na maringo, mzee yule. Ndevu alizitia hina. Kofia yake ilikuwa nyeupe muda wote, na kabla hajafungua boneti aliitundika kwenye msumari wake, msumari ambao hakuna mwingine aliyethubutu kuutundikia kitu. Mikono aliiosha kwa jivu na limau, kisha akaipaka mafuta, halafu ndipo akashika kikombe cha kahawa. Fundi rangi alimtania kwamba anajiandaa kwenda kuposa. Alijibu kwamba kuposa alishamaliza, sasa anatunza alichoposa. Mkewe aliposimuliwa jibu hilo alisema heri angemtunza kwa kuwahi nyumbani.

Ujana wake wote aliumalizia chini ya malori ya tumbaku, yale yanayotoka Sikonge na Ipole yakiwa yamejaa hadi juu. Breki za lori alizijua kama mtu anavyojua mlango wa chumba chake gizani. Kisha yakaja haya magari ya haibridi, mitumba ya Japani, yenye injini na betri kubwa ndani ya gari moja. Mwanzoni mafundi waliyaogopa. Gari linawashwa halingurumi, linaondoka kimya, jamani, watu walisema lina mambo yake. Fundi umeme mwenyewe alilizunguka la kwanza mara kadhaa akaenda kunywa chai. Mzee wa breki alitundika kofia, akaingia chini.

Alinieleza mimi nikiwa nashona, na kwa kuwa sikuwa na pa kukimbilia, nilielewa. Gari la kawaida, ukikanyaga breki, mguu wako ndio unaosukuma mafuta mpaka kwenye gurudumu. Hili la betri mguu wako unatoa amri tu. Kuna pampu ya umeme huko mbele, inasukuma mafuta ya breki na kuyahifadhi yakiwa na nguvu, yanasubiri. Ukikanyaga, kompyuta inayaachia. Ukifungua mlango wa dereva tu, hata kabla hujakaa, pampu inaamka, inalia kidogo, inanyamaza, maana imeshajaza akiba yake. Ikiwa nzima inakaa kimya muda mrefu. Ikiwa akiba inavuja, inalazimika kujaza tena, na tena, inalia kila mara mpaka ichoke. Siku ikichoka pedali inakuwa jiwe, na gari linakwenda linakotaka.

Ndani ya dashibodi kuna taa za kukwambia hayo, ya njano na nyekundu, na mlio unaokera kweli. Na ipo mashine ndogo unaichomeka chini ya usukani, inasoma kodi, yaani herufi na namba ambazo gari limejiandikia kueleza linaumwa nini. Fundi alinunua mashine hiyo kwa fedha yake akaifungia kitambaa cha kanga. Aliipenda na aliitukana. Alisema ile mashine ni mbea. "Mbea atakwambia nyumba gani kuna ugomvi," alikuwa akiwaambia wateja, "hakwambii nani kaanza." Kwa hiyo mashine ikisema pampu, yeye hakukimbilia pampu. Alianza na betri ndogo ya kuwashia, maana ikiwa dhaifu gari zima huzungumza upuuzi. Kisha mafuta ya breki, kisha pedi, kisha nyaya. Mteja mwenye haraka alikuwa anasimama juu yake anahema. Yeye anazidi kwenda polepole, makusudi kabisa.

Jambo moja hakulifanya kamwe, na lilimkosesha wateja. Mashine ile ile inayosoma kodi inaweza kuzifuta. Unabonyeza, taa inazimika, dashibodi inang'aa kama ya gari jipya, na ugonjwa uko pale pale. Kodi hairudi mpaka gari litembee tena muda. Wapo waliokuja wakitaka hilo tu, wazimiwe taa, kwa sababu kuna mtu anakuja kulinunua gari jioni. Mmoja alibembeleza sana, akasema ni taa tu, Fundi, ni taa tu. Mzee alikuja kwangu akaomba kipande cha kitambaa cheusi, akampelekea, akamwambia aifunike, ni rahisi zaidi na mashine haitachoka. Yule bwana aliondoka kwa hasira akaenda kuzimiwa kwingine. Fundi alimsindikiza mpaka getini akimwombea dua ya safari.

Sasa niwaambie kazi yake hasa ilivyokuwa, maana mashine ilikuwa msaidizi tu. Yeye alisikiliza. Alifungua mlango wa dereva, akachuchumaa kando ya gurudumu la mbele, akafumba macho, pampu ikilia na kunyamaza anaanza kusoma Fatiha taratibu. Akiimaliza pampu bado kimya, anaridhika. Pampu ikilia kabla hajafika mwisho, anainuka akiwa amekunja uso. Wateja Waislamu aliwaambia wasome naye. Wakatoliki aliwaambia wapige Salamu Maria kadhaa mfululizo, na kwa kusikia kila siku aliijua yote, angeweza kuongoza rozari. Baba mmoja wa Moraviani wa huko Sikonge alisema Salamu Maria si yao. Haya, akapewa Baba Yetu. Fundi alimwelekeza kama daktari, "Ikilia kabla hujaomba riziki, gari lako bovu. Ikilia baada ya kusamehewa makosa, tutaongea." Yule baba alicheka mpaka akalazimika kuanza upya.

Habari ilimfikia shehe mmoja, akamwita kumuuliza kwa nini anapimia magari kwa sura ya Kurani. Nilihadithiwa na mkewe, aliyekuwapo. Fundi alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema, "Shehe, bora niwasomee Fatiha kabla ya safari kuliko wewe uwasomee baada." Walimaliza kwa kunywa kahawa. Na shehe naye, alipopata gari lake, alilileta kwetu.

Sijamfanya malaika, subirini. Mtu huyu aliyekataa kumwachia mteja gari lenye breki ya wasiwasi alikuwa na baiskeli isiyo na breki kabisa. Si breki mbovu, hapana, hakuna. Alisimama kwa kukandamiza ndala kwenye tairi la nyuma. Ndala ya mguu wa kulia ilikuwa inaliwa mpaka inabaki jani, anaitupa, ananunua pea nyingine kwa ajili ya mguu mmoja. Nilipomsema alijibu kwamba baiskeli anaijua tabia. Nikamuuliza na kuku wa watu je, wanaijua? Siku nzima kahawa yake aliinywa akiwa amenipa mgongo.

Na kidole chake. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kilikuwa kimepinda, hakina kucha. Ukweli wake ni kwamba mwanzoni mwa haibridi alifungua breki ya gurudumu bila kuchomoa umeme, mtu akafungua mlango wa dereva kuchukua koti, pampu ikaamka, ikasukuma chuma, kidole kikiwa pale katikati. Tangu hapo gari likishaingia kwake aliweka funguo kifuani ndani ya shati, na plagi ya rangi ya chungwa ya betri kubwa aliichomoa akaiweka mfukoni. Lakini wateja hawakuambiwa hivyo. Mmoja aliambiwa ni simba wa njia ya Ipole. Mwingine aliambiwa fisi. Mama mmoja mcha Mungu aliambiwa ni adhabu ya utoto, alikuwa akidokoa mboga. Mimi nikiwa nasikia yote, napiga pedali ya cherehani kuzuia kicheko.

Historia ya mji aliitumia apendavyo. Mteja akilalamika kwamba gari limekaa sana, alimkumbusha kwamba hapa Tabora watu walikuwa wanapita na mizigo vichwani kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji, miezi njiani, na hakuna hata mmoja aliyekufa kwa breki. Sijui hoja hiyo ilikuwa inathibitisha nini. Lakini mteja alinyamaza.

Gari lililompa sifa mpaka Ipole lilikuwa la mfanyabiashara wa asali. Bwana huyo alinunua mizinga ya watu huko msituni na kuleta asali mjini kwa gari dogo la haibridi, madumu yamepangwa nyuma. Taa ya breki ikawa inawaka na kuzimika. Asubuhi imewaka, mchana hakuna kitu. Alibadilishiwa pampu kwingine kwa gharama ya kuuza ng'ombe, na taa ikawaka tena. Lilipoletwa kwetu, mashine ya Fundi ilisema habari za umeme wa breki, si zaidi. Fundi alitundika kofia, akalizunguka gari bila kuligusa. Akasimama nyuma kwa muda. Kisha akaniita mimi, fundi wa viti, nitoe zulia na pambo la pembeni mwa buti, ile plastiki inayofunika ubavu kwa ndani.

Kulikuwa na mstari wa sisimizi. Walipanda kwenye bampa, wakaingia kwenye mpira wa buti, wakapotelea nyuma ya pambo. Nilipolitoa nilipata mshangao. Asali ilikuwa imevuja kutoka kwenye madumu, imeteremka ndani ya ubavu wa gari, imelala kwenye kiboksi cha akiba ya umeme wa breki ambacho watengenezaji walikificha huko nyuma. Plagi yake ilikuwa imeliwa na kutu, na sisimizi wamejijengea mji. Asubuhi kukiwa na baridi asali inaganda, waya unakosa mguso, taa inawaka. Jua likipanda asali inalegea, mambo yanatulia. Fundi alichovya kidole akaonja. Akamwambia yule bwana kwamba asali yake ni nzuri sana, ila gari halikuomba.

Alisafisha, akabadilisha plagi, tatizo likaisha. Na alijisifu! Wiki nyingi tulisikia habari za sisimizi. Kila mtu aliyepita getini alisimuliwa, na kila usimulizi sisimizi waliongezeka na mimi nilipungua, mpaka ikafika mahali zulia lilitolewa na Fundi mwenyewe.

Alipokosea, ilikuwa balaa. Siku moja alimhukumu mwalimu mmoja kwamba pampu yake inavuja, akamwagizia nyingine Dar es Salaam. Kumbe pampu ilikuwa nzima. Pedi ndizo zilikuwa zimeisha na mafuta ya breki yameshuka, kitu ambacho yeye mwenyewe hukiangalia mwanzo kabisa. Siku hiyo hakukiangalia. Unadhani alisema amekosea? Alimrudishia mwalimu gharama zake zote, akamfungia pedi mpya bure, na hakufungua mdomo. Kisha akanigeukia mimi. Eti ni cherehani changu. Eti muungurumo wake ulimchanganya, akasikia pampu pale ambapo hapakuwa na pampu. Tangu siku hiyo kila alipochuchumaa kusikiliza aliinua mkono na kusema, "Mama Viti, simamisha." Na mimi nasimamisha, sindano ikiwa katikati ya ngozi, nanung'unika. Miaka ikapita hivyo. Neno "nimekosea" au "sikujua" sikuwahi kulisikia kwake. Nilidhani labda kwa ufundi wake halikuumbwa.

Nilijua masikio yake yanaanza kumwacha siku ambayo hakuniambia nisimamishe. Nilikuwa nashona kava la ngozi nzito, mashine inanguruma kwelikweli. Nikamwona amechuchumaa kando ya gurudumu, amefumba macho, midomo inakwenda. Nilisubiri mkono uinuke. Haukuinuka. Cherehani kilikuwa hakimsumbui tena. Nikasimamisha mwenyewe. Pampu ya gari lile ilikuwa kimya, nashukuru Mungu. Alimaliza Fatiha yake akamwambia mteja aende salama, na nilibaki nimeshika ile ngozi, nataka kulia.

Kumbe wengine walishaona. Fundi rangi alikuwa anazungumza naye akiwa upande wa kulia, wa sikio lililobaki. Fundi matairi alikuwa anamgusa bega kwanza. Hakuna aliyesema, maana nani angemwambia? Bintiye wa Dar es Salaam alimletea kifaa cha kuvaa sikioni. Alikivaa asubuhi moja, akakivua kabla ya saa nne, akasema kinafanya Tabora nzima ilie kama kikaango. Kikaishia mfuko wa shati pamoja na funguo za watu.

Kilichotutisha ni kwamba yeye mwenyewe alishatoa hukumu. Zamani kulikuwa na fundi mmoja kando ya soko aliyeachia gari bila kulipima, likamgonga mwendesha baiskeli akavunjika mguu. Mzee wetu alisema mbele ya watu wote kwamba fundi wa breki asiyesikia ni muuaji anayelipwa. Alisema kwa sauti ya juu, na kila mtu aliikumbuka, na yeye pia.

Mkewe alinifuata siku ya Jumatano, mumewe akiwa msikitini. Mama mpole, ananiita mdogo wangu. Alikaa kwenye kochi nililokuwa nalivisha, akazungukazunguka kwenye habari za mvua na bei ya mchele, kisha akafika. Alisema nyumbani adhana haisikii tena, anatazama kivuli cha ukuta ndipo anatawadha. Akaniuliza huko kazini anasikia? Nilimwambia kidogo. Akanishika mkono. "Mdogo wangu, mume wangu akiua mtu, atakufa yeye kwanza," akasema. "Nitazamie."

Sikujua kutazamia breki. Lakini masikio ninayo. Tangu siku ile ya kava la ngozi nilikuwa nikisikiliza kwa hofu; sasa kila alipochuchumaa nilisimamisha cherehani bila kuambiwa, nikainamisha kichwa kama napanga uzi, nikasikiliza. Yeye na Fatiha yake, mimi na Salamu Maria yangu, pale pale uani, hatutazamani. Pampu ikiwa mbaya sana bado aliisikia kwa sikio la kulia, na gari lilizuiwa, na mimi narudi kushona. Kila jioni nilikwenda nyumbani nimechoka mara mbili. Nilimwomba Mungu atufikishe tu, ingawa sikujua atufikishe wapi.

Basi ikaja siku yenyewe. Kijana mmoja alileta haibridi aliyoinunua Dar es Salaam, limefika juzi juu ya lori, anataka lipimwe kabla hajaanza kubeba abiria wa Sikonge. Mkewe alikuwa naye, amebeba mtoto mchanga, na safari yao ilikuwa mchana ule ule kwenda kumwonyesha mtoto kwa bibi yake. Nilimpa yule mama kiti changu, nami nikakalia ndoo. Mtoto alikuwa amelala, amefungwa kitenge kipya, kidevu kimelowa.

Mashine ilichomekwa, ikasema hakuna kosa. Dashibodi safi, hakuna taa hata moja. Fundi alitundika kofia, akatazama mafuta, pedi, betri ndogo, vyote vizuri. Akafungua mlango wa dereva, akachuchumaa. Nikasimamisha cherehani. Pampu ikalia, ikanyamaza. Nikaanza moyoni, Salamu Maria, umejaa neema. Nilipofika "mzao wa tumbo lako" ikalia tena. Nilidhani nimesikia vibaya. Nikaanza upya, na pale pale, kwenye mzao wa tumbo, ikalia. Kijana alikuwa anasikia pia, lakini gari lilikuwa jipya kwake, alijua ndivyo yanavyolia. Mzee alikuwa amefumba macho. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa. Midomo yake ilikwenda mpaka mwisho, akajipangusa uso kwa viganja.

Akasimama akasema alhamdulillahi, gari zima, nendeni salama. Akatoa funguo kifuani akampa kijana.

Ningependa kuwaambia kwamba niliruka. Sikuruka, jamani. Nilimtazama yule mtoto, nikamtazama mzee, na kwa mara ya kwanza nilimchukia kwa kuniweka pale. Halafu nikainuka na mkasi wangu mkononi, nikaenda kusimama mbele yake, karibu, anione mdomo.

"Fundi," nikamwambia, "inalia."

"Nini inalia?"

"Pampu. Imelia ukiwa unasoma. Zaidi ya mara moja."

Fundi rangi aliacha kupiga msasa. Yule kijana alicheka, akasema mama, mashine imesema safi, akafungua mlango wa nyuma kwa ajili ya mkewe. Mzee aliinua mkono na kijana akasimama. Nilisubiri anitukane. Aliuchukua mkasi kutoka mkononi mwangu taratibu, akauweka juu ya boneti, akanyoosha kidole chake kilichopinda kuelekea siti ya dereva.

"Kaa. Soma kwa sauti."

Nikakaa. Alichuchumaa mlangoni, na safari hii hakufumba macho. Alinitazama mdomo. Salamu Maria aliijua neno kwa neno, nilishawaambia, na nilipoanza kuisoma midomo yake ilikwenda pamoja na yangu. Pampu ilipolia nilinyamaza. Akatikisa kichwa, akaniashiria nianze tena. Nikaanza, nikanyamazishwa pale pale. Akaniashiria tena. Nilikuwa nimeanza kulia, maneno yanakatika, na yeye ananisubiri kwa upole ambao sikuuzoea. Baada ya hapo alisimama, magoti yakalia, akamwendea kijana na kumwomba funguo.

"Gari haliondoki," akasema. "Akiba ya breki inavuja. Aliyekuuzia alifuta kodi kabla hujalipa."

"Lakini Fundi, si umesema sasa hivi ni zima?"

"Nilisema." Mzee alimtazama machoni. "Mimi sikusikia. Huyu amesikia."

Kijana hakujua ameambiwa nini. Kwake lilikuwa jibu tu, na alikuwa na hasira ya haki, safari imeharibika na fedha zimekwenda kwa tapeli. Alimchukua mkewe na mtoto wakaenda kutafuta basi. Lakini sisi wa uani tulijua. Fundi matairi alitazama chini. Fundi rangi aliokota msasa wake akausugua kwenye suruali bila sababu.

Mzee alikwenda kukaa juu ya tairi bovu nyuma ya gari, mahali ambapo wateja hawamwoni. Nilimfuata. Alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili. Aliponiona aliuliza kwa sauti ndogo, sauti ambayo haikuwa yake.

"Mama Viti. Ni wangapi nimewaachia?"

Nilichuchumaa mbele yake ili anione vizuri. "Hakuna, Fundi," nikamwambia. "Tangu ulipoacha kuniambia nisimamishe cherehani, nasikiliza na mimi. Wote waliotoka hapa niliwasikia."

Alinitazama. Machozi yakamtoka yakaingia kwenye zile ndevu za hina, na hakuyafuta. Kisha akaniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Aliinuka, akavuka barabara na kofia yake imebaki msumarini, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akaingia kwa mama lishe. Akarudi na sahani ya wali na maharage ameishika kwa mikono miwili, akaniwekea juu ya meza ya cherehani, akavuta ndoo na kukaa hapo mpaka nikamaliza kula.